Swali la Ukuta wa Darasa la Nne

Watoto walimwita Mama Majibu, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Alikuwa amefundisha katika shule ile ya parokia miaka ishirini na miwili, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa Darasa la Nne, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Ukimuuliza mto upi ni mrefu kuliko yote, alikujibu huku akifuta ubao. Ukimuuliza tofauti ya dhambi kubwa na dhambi ndogo, alikupa mifano mitatu, na mmoja lazima ukuhusu wewe. Maandalio yake ya masomo aliyaandika kwa wino wa buluu, vichwa vya habari kwa mwekundu, na walimu wageni waliazimwa daftari lake ili waone kazi inavyofanywa.

Mwaka ule akaja mkuu wa shule mpya, sista mwembamba mwenye miwani mikubwa, aliyetembea kama mtu anayekimbilia basi. Siku ya tatu akaita kikao katika ofisi ya walimu, wakabanana kwenye viti baina ya makabati na mrundo wa madaftari ambayo hayajasahihishwa.

"Mtaala haubadiliki," alianza Sista Mkuu, na walimu wakashusha pumzi. "Mitihani haibadiliki. Kinachobadilika ni njia ya kufika huko." Pumzi zikapanda tena.

Akaeleza. Kila darasa, kila muhula, litachagua swali moja. Liwe swali ambalo watoto wanataka kweli kulijua, na mwalimu mwenyewe awe hajui jibu lake. Hisabati, sayansi, Kiswahili na uchoraji vitaingizwa humo kadiri vinavyoingia. Visivyoingia vifundishwe kama kawaida. Hakuna haja ya kumvika ng'ombe viatu.

"Na dini, Sista?" aliuliza mwalimu wa Darasa la Sita. "Dini nayo tunaiweka wapi?"

"Kipindi chake kiko palepale. Ila mtoto anayekitazama kitu mpaka akakiona vizuri, asidanganye kuhusu alichokiona, na akamsikiliza mwenzake mpaka mwisho, huyo kwangu mimi yuko kwenye dini, hata kama mkononi ameshika rula."

Mama Majibu akanyoosha mkono. "Na mwalimu ambaye majibu anayajua, Sista, afanyeje?"

Wenzake wakacheka. Sista Mkuu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akamtazama. "Huyo ana kazi kubwa kuliko sisi sote, Mwalimu. Itabidi atafute zaidi."

Jioni Mama Majibu alimkuta mumewe mezani pake, redio ya mtu imetenguliwa vipande vipande mbele yake. Mumewe alikuwa fundi redio, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kuongea na waya kuliko na watu.

"Wanataka nisimame mbele ya watoto arobaini na wawili niseme sijui," alisema Mama Majibu kabla hajavua viatu.

"Mimi nasema kila siku," mumewe akajibu bila kuinua kichwa. "Mteja akileta redio namwambia, sijui ina nini, niache niifungue."

"Redio haina wazazi, baba watoto."

"Hilo nalo kweli," alikubali mumewe, akaendelea na kazi yake.

Jumatatu iliyofuata Mama Majibu akafanya hila. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: KWA NINI MAJANI YA MIMEA NI YA KIJANI? Alilijua jibu lake kama anavyoijua Baba Yetu. Alikuwa amepanga kujifanya anatafuta, kisha wiki ya tatu "agundue". Aliweka chaki chini, akakunja mikono, akauliza kama kuna mwenye neno.

Nyuma kabisa, kwenye dawati lililogusa ukuta, kulikuwa na msichana mdogo wa umbo ambaye wenzake walimpa jina la Kiulizo. Alisimama. "Mwalimu, hilo jibu lake liko kitabuni. Ukurasa wa thelathini na moja. Nimelisoma jana."

Darasa likaangua kicheko. Mama Majibu alihisi masikio yanapata moto. "Haya, wewe mwenye macho ya mbele, lete lako."

Kiulizo hakumtazama yeye. Aliutazama ukuta uliokuwa ubavuni pake, akaupapasa kwa kiganja. "Kwa nini huu ukuta unatoka jasho?"

Hapakuwa na mtu shuleni asiyelijua doa lile. Lilianzia karibu na sakafu, likapanda mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima, rangi imevimba na kubanduka, na ukilisogelea lilinuka kama chungu kipya kilichotiwa maji. Kila mwaka kabla ya Pasaka fundi alipaka rangi juu yake, na baada ya miezi miwili limerudi. Watoto waliokaa karibu nalo walifunika madaftari yao kwa nailoni bila kuambiwa na mtu.

"Ni unyevu huo," alisema Mama Majibu.

"Unyevu ndilo jina lake, Mwalimu. Lakini unatoka wapi?"

Akafungua kinywa ajibu. Karibu miaka kumi alikuwa akiliona doa lile kila siku ya Mungu, na sasa alipoingia kichwani kutafuta jibu alikuta kabati tupu. Ikamtoka taratibu, kama mtu anayekiri kwamba amekanyaga mche wa jirani: "Sijui."

Mtoto wa mstari wa mbele akamgeukia mwenzake. "Amesema nini?"

"Amesema hajui."

"Nani?"

Ndivyo swali la muhula lilivyopatikana.

Mwanzo ulikuwa wa kubahatisha. Watoto walitaja walilodhania, naye akaiandika kila dhana kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ubaoni: mvua, tangi la maji, jiko la shule, na "ukuta unalia", kwa sababu mtoto mmoja alishikilia kwamba Sista amesema kila mtu asikilizwe. Kisha wakajiuliza watapimaje kitu kisicho mraba wala duara. Hapo Mama Majibu akakumbuka kwamba eneo la maumbo yasiyo na mpangilio lilikuwa mada ambayo kila mwaka watoto waliifeli, wakiitazama kama wanavyotazama dawa chungu. Wakagonga misumari midogo, wakavuta uzi wima na mlalo, ukuta ukawa na miraba ya sentimita kumi kwa kumi. Mraba uliolowa zaidi ya nusu unahesabiwa. Uliolowa chini ya nusu unaachwa.

Siku ya kwanza miraba ilikuwa sitini na mitatu. Ijumaa wakahesabu tena: hamsini na miwili.

"Mmekosea," alisema Mama Majibu.

Wakahesabu mara tatu. Hamsini na miwili. Jumatatu yake, sitini na minne. Ijumaa, hamsini na mmoja.

Mama Majibu alijikuta Jumapili usiku anafikiria ukuta. Jambo hilo lilimshangaza. Kwa miaka mingi kilichokuwa kikimfikirisha kuhusu shule ni chaki na makelele. Sasa aliingia darasani asubuhi kabla ya kengele, mkoba bado begani, akainama kuhesabu, na mara mbili alimkuta Kiulizo ametangulia. Walisalimiana kama majirani wanaokutana kisimani.

Ikanyesha mvua siku tatu mfululizo, na doa halikusogea. Mvua ikafutwa. Wakafunga valvu ya tangi kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, mpishi wa shule akalalamika kweli kweli, na doa likapanda kama kawaida yake. Tangi likafutwa. Jiko lilifutwa baada ya watoto wanne kulizunguka na kukuta mfereji wake unaelekea upande mwingine kabisa. Ukabaki ukuta unalia, na mwenye dhana yake akaanza kutembea kifua mbele.

Wiki hiyo ndiyo mkaguzi alipofika bila taarifa. Alikuta watoto sita wamepiga magoti ukutani, wengine wanaandika, na mwalimu amekaa kwenye dawati la mwanafunzi.

"Hiki ni kipindi gani, Mwalimu?"

"Hisabati, Mheshimiwa. Wale wa huku wako kwenye Kiswahili, wanamwandikia barua fundi aliyejenga."

Mkaguzi akapekua daftari la maandalio. Wino wa buluu ulikuwepo, mwekundu ulikuwepo, lakini pembeni palikuwa na maandishi ya penseli: *Mbona Jumatatu?* Akachora ubaoni umbo lililopinda kama figo, akawauliza watoto wangelipimaje. Mikono thelathini ikapanda. Aliondoka hajasifu wala kulaumu, ila kwenye kitabu cha ukaguzi aliandika kwamba Darasa la Nne liko nyuma kwa mada mbili za sarufi. Ilikuwa kweli, na Mama Majibu hakulala vizuri kwa ajili yake. Kuanzia hapo akabaki na darasa dakika arobaini kila alasiri, wakifundishana vitenzi mpaka wakavipata.

Kisha ikaja Jumatatu ya miraba themanini na mmoja.

Hakuna aliyeamini. Maji yalikuwa yamepita nyuzi za mwisho, ikabidi waongeze misumari. "Jana kulikuwa na nini?" aliuliza Kiulizo. Wakakumbuka wote kwa pamoja: jana ilikuwa Jumapili ya Komunyo ya Kwanza. Kanisa lilijaa hadi barazani. Na kanisa liko wapi? Mtoto mmoja alitoka nje, akazunguka jengo, akarudi anahema. Nyuma ya ukuta wao hakukuwa na kitu kingine ila sakristia, kile chumba ambamo padre huvalia mavazi ya misa. Jengo la darasa lilikuwa limeegemezwa kwenye ubavu wa kanisa.

Wakaandika kwenye karatasi: JUMAPILI.

Kesho yake Mama Majibu akawachukua watoto kumi kwenda kwa Mzee wa Sakristia, aliyekuwa akitunza chumba kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa na sauti ndogo ya mtu aliyezoea kunong'ona mahali patakatifu.

"Mzee, shikamoo. Kuna bomba humu?" aliuliza Kiulizo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Bomba liko nje. Humu kuna hili tu." Akawaonyesha sinki dogo la jiwe ukutani, lenye mfuniko. "Hili halina njia ya kwenda kwenye maji machafu. Maji yaliyosuuza kikombe cha misa na vitambaa vya altare hayachanganywi na ya chooni. Yanashuka moja kwa moja ardhini, yanakorudi vitu vyote vya heshima."

Penseli zikatoka. "Ni kiasi gani, Mzee?"

"Kikombe kimoja. Siku kubwa, viwili."

"Hayatoshi," alisema Kiulizo polepole, akimtazama mwalimu wake. "Kikombe kimoja hakiwezi kulowesha miraba kumi na miwili. Au siyo, Mwalimu?"

Mama Majibu alikuwa anakitazama kile kisinki. Alikuwa mmoja wa kina mama watano waliopamba altare kwa maua. Miaka kumi na moja, kila Jumamosi alasiri, wao ndio walioondoa maua ya wiki iliyopita na kuosha vyombo. Na kwa sababu bomba la nje liko mbali, na ndoo ni nzito, na sinki liko hapo hapo, maji yale mazito ya maua waliyamwaga humo. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na majani yakielea juu. Kwa Komunyo ya Kwanza walipamba mara mbili.

"Tutaendelea kesho," alisema. "Twendeni, jua limeshakuwa kali."

Jumamosi alibeba ndoo zote mpaka nje, akamwaga kando ya uzio. Wenzake walipomuuliza akawaambia anafanya mazoezi ya mgongo. Jumatatu miraba ikawa hamsini. Watoto wakakodoa macho. Aliporudi nyumbani akamweleza mumewe yote, toka kisinki hadi ndoo.

"Na watoto wanasemaje?" aliuliza mumewe.

"Hawajui."

"Na wewe unajua."

"Najua."

"Basi umeipata raha yako," alisema mumewe, bila kejeli, kama mtu anayesoma bei ya kitu.

Lakini raha haikuwepo. Jumamosi ya pili akabeba ndoo tena. Jumatatu yake miraba ikawa arobaini na sita, na darasa likazidi kuchanganyikiwa. Kiulizo alikaa muda mrefu na jedwali la namba mbele yake, akitafuna ncha ya penseli. Mwishowe akaenda ubaoni, akachukua kalamu.

"Tulikosea, Mwalimu," alisema. "Misa ilikuwepo Jumapili zote mbili na doa linashuka tu. Kwa hiyo siyo Jumapili. Nafuta."

Alikuwa amefikiri sawasawa. Kila hatua yake ilikuwa sahihi, na alikuwa anafika mahali pasipo sahihi kwa sababu mtu mmoja mle chumbani alikuwa ameficha ndoo. Mama Majibu aliuona mkono ule mdogo ukielekea kwenye karatasi.

"Usifute, mwanangu," alisema. "Hamjakosea. Ni mimi."

Akawaambia. Hakuzunguka mbuyu. Akasimama mbele ya ubao, mikono yenye chaki ikining'inia, akasema wanaomwaga maji ni kina mama wa maua, kwamba yeye ni mmoja wao, kwamba alijua tangu siku ile ya sakristia, na kwamba kwa wiki mbili amemwaga nje kimyakimya kwa sababu aliona haya. "Nimewaharibia vipimo vyenu," alisema. "Naomba mnisamehe."

Nje mtu alikuwa anaburuta ufagio kwenye changarawe. Mama Majibu alisubiri kicheko, au mbaya zaidi, yale macho ambayo watoto humpa mtu mzima aliyewaangusha.

Kiulizo akarudi kwenye daftari lake, akafungua ukurasa mpya. "Ndoo ngapi, Mwalimu?"

"Eh?"

"Kila Jumamosi. Ndoo ngapi?"

"Nne. Wakati mwingine tano."

"Za lita ngapi?"

Basi ikawa kama kufungulia kuku. Zinajaa hadi juu au zinapungua? Siku ya Komunyo zilikuwa ngapi? Kwa nini yachukue mpaka Jumatatu kutokea huku? Yanapita wapi kwanza? Mama Majibu alijibu aliyoyajua, na aliyokuwa hayajui akasema hayajui, mara saba au nane, mpaka neno lenyewe likakosa uzito mdomoni.

Sista Mkuu aliomba ruhusa kwa padre, na Mzee wa Sakristia, kwa shingo upande, akakubali wamwage ndoo nne za maji safi mara moja tu. "Hili si bafu," aliwakumbusha. Jumatatu miraba ikapanda hadi sitini na mmoja. Watoto wakapiga makofi kama timu imefunga bao.

Fundi mwashi alipochimba nyuma ya ukuta, chini ya kile kisinki, Darasa la Nne lote likiwa limemzunguka na kumziba mwanga, alikuta shimo dogo la kokoto lililotengenezwa vizuri sana. Lingekunywa kikombe kimoja kwa wiki miaka mia bila shida. Sasa lilikuwa limezibwa na tope jeusi la majani na petali zilizooza, kwa hiyo maji yakikosa pa kushuka yalikwenda ubavuni, kwenye msingi wa darasa. Akalisafisha, akajaza kokoto mpya. Mtoto wa ukuta unalia alikubali kushindwa, ila akaomba iandikwe kwamba dhana yake ndiyo iliyodumu zaidi kuliko nyingine.

Kina mama wa maua nao walipaswa kuambiwa, na hilo Mama Majibu aliliogopa kuliko watoto. Alipomaliza kusimulia, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alishika kiuno. "Jamani! Miaka kumi na moja tunajiona tunampambia Mungu, kumbe tunawaloweka watoto wa watu!" Akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hiyo wakanunua mpira mrefu wa maji wa kuunganisha na bomba la nje.

Katika mtihani wa muhula, Darasa la Nne lilifanya vizuri katika hisabati kuliko miaka yote aliyoikumbuka. Katika tahajia lilifanya vibaya kidogo kuliko mwaka uliotangulia, naye akaliandika hilo vilevile kwenye taarifa yake, kwa wino mwekundu. Sista Mkuu aliisoma mbele yake, akakuna paji la uso, akasema tahajia watatafuta namna.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, ukuta ulikuwa mkavu na mweupe, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akiutazama. Mama Majibu alisimama mbele ya ubao mtupu, akiwa hajaandaa chochote, akauliza nani ana swali.

Mikono ikapanda mingi. Akamchagua mtoto mmoja mpole wa katikati, ambaye muhula uliopita hakusema hata sentensi tatu.

"Mwalimu, kwa nini mtu mmoja akipiga miayo, na wengine wanapiga?"

Mama Majibu alifikiri. Alitaka kusema ni uchovu, akakumbuka kwamba hata asubuhi baada ya kulala vizuri huwa inatokea. Alitaka kuuliza kama inawapata na mbwa. Kabla hajasema lolote, mtoto mmoja wa nyuma akafungua kinywa akapiga mwayo wa kujaribu, jirani yake akafuata bila kupenda, kisha dawati zima, kisha mstari, na yeye mwenyewe akahisi taya zinamwachia, akaweka mkono mdomoni akiwa amechelewa.

Sista Mkuu alikuwa anapita kwenye varanda kwa zile hatua zake ndefu. Alichungulia dirishani, akaona watoto arobaini na wawili pamoja na mwalimu wao, wote wamefumba macho na kufungua vinywa. Akasimama. Akavua miwani.

"Ni somo gani hili?" aliuliza, kisha naye akapiga mwayo.

"Hatujui bado, Sista," alisema Mama Majibu. "Ingia, uhesabiwe."